Jina Ambalo Baba Rehema Hakuweza Kulisoma

Wanangu mnaokuja hapa kwangu Lisekese na pikipiki zenu na kompyuta mgongoni, karibuni, shikamoo zenu nimezipokea zote. Kaeni. Ila msinioneshe tena programu yenye majina kama x na xx, wala ile niliyoiona juzi, "mpya_mwisho_kabisa". Nilimuuliza kijana mwenye nayo, hiyo xx ina nini ndani yake? Akakuna kichwa. Ameiandika mwenyewe, wiki haijaisha, na hajui. Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Habari za majina ya kwenye programu zilishanitoa machozi, na leo nitawaambia kwa nini, maana mkiniona nakunja uso mnadhani ni uzee.

Mimi nilifanya kazi kwenye mradi wa maji kule juu, Newala. Ninyi mliozaliwa na bomba nje ya nyumba hamjui maji yalivyokuwa kwetu. Uwanda wote ule hauna mto. Maji yako bondeni, na mwanamke alikuwa anashuka alfajiri na ndoo tupu, anapanda jua likiwa kali na ndoo imejaa, shingo imeingia mabegani. Mradi ulipokuja ukaweka pampu kule chini upande wa Kitangari, zikasukuma maji kupanda hadi kwenye matangi ya vijijini. Ila pampu hazikutosha kujaza matangi yote kwa siku moja. Ilibidi yapokezane, leo hili, kesho lile. Na penye zamu pana manung'uniko. Kila kijiji kiliamini kijiji jirani kina ndugu ofisini.

Ndiyo sababu ikaletwa kompyuta. Kompyuta haina shangazi, ndivyo alivyosema Mzee Lipinda, fundi mkuu wetu, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyekuwa amesomea mashine hizo nje ya nchi na kurudi na masanduku ya vitabu badala ya redio na mashati kama wenzake. Mimi alinikuta mchapaji. Aliniona nachapa bila kutazama vidole akasema, "Mama Fadhili, wewe utaacha kuandika barua za watu, utaandika za kwako, na atakayezisoma ni mashine." Nilidhani ananitania.

Wiki ya kwanza nilitaka kumwonesha kwamba naelewa. Nikaandika programu ndogo ya kuhifadhi jina la kijiji, na mahali pa kuwekea jina nikapaita NAME, maana Kiingereza hicho kidogo nilikuwa nacho. Mashine ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa tena. Nikaipiga kofi ubavuni. Mzee Lipinda akaja, akachungulia, akacheka hadi miwani ikaanguka.

"Neno hilo lina wenyewe, Mama Fadhili."

Akanieleza hivi, na mimi nawaeleza ninyi vilevile, sijapata maelezo bora zaidi mpaka leo. Kwenye lugha ya programu kuna maneno ya aina mbili. Kuna maneno ambayo lugha imejiwekea, kama IF, THEN, PRINT, na hilo NAME katika lugha yetu ya BASIC ya siku hizo. Hayo ni amri. Mashine ikiyaona inafanya kazi fulani, basi. Halafu kuna majina tunayoyabuni sisi ya kuitia vitu vyetu. Haya ya pili ni mali yako, ita utakavyo, alimradi usianze na tarakimu na usiache nafasi katikati. Lakini usichukue la kwanza ukalifanya la pili. "Mwenyekiti wa kijiji akisema nafungua mkutano, watu wote wanakaa," akasema. "Sasa wewe mwanao umemwita Nafungua Mkutano. Kila ukimwita aje kula, kijiji kizima kinakaa chini." Nilicheka siku nzima. Fadhili wangu alikuwa mdogo, nilimwita Nafungua Mkutano kwa utani hadi akaanza kulia.

Aliyonifundisha Mzee Lipinda mengi nimeyasahau, ila hilo la majina alilishikilia kama dini. Hakutaka majina ya mkato. Kuna mtaalamu mgeni alipita akashauri matangi tuyaite T1, T2, T3, ndiyo utaratibu. Mzee Lipinda akamuuliza kwa adabu kabisa, "T4 ni nani? Anakaa wapi?" Mgeni akatoa orodha yake atazame. "Umeona," akasema Mzee Lipinda. "Hata wewe uliyemzaa humjui."

Sasa kule vijijini kila tangi lilikuwa na mtunzaji, mwanamke aliyechaguliwa na wenzake. Ndiye mwenye ufunguo wa bomba, ndiye anayepiga kwenye redio kolu, ile redio ya upepo, kila asubuhi kutuambia tangi lake lina kiasi gani, nasi tunaichapa namba hiyo kwenye kompyuta. Na watu wanaita mahali kwa jina la mtu, mnajua wenyewe. Hakuna aliyesema tangi la Chilangala. Walisema kwa Somoe. Naenda kwa Somoe, kwa Somoe leo kuna foleni. La Kitangari lilikuwa kwa Esha. Basi Mzee Lipinda akayaandika hivyohivyo kwenye programu: ESHA, SOMOE, na wenzao. Ukiisoma ile karatasi ilikuwa kama umepita vijijini ukisalimia watu. IF SOMOE iko chini ya nusu, THEN apewe zamu. Hata mlinzi wa getini aliielewa. Nilijivunia sana programu ile, na sehemu ya moyo wangu inajivunia bado.

Kazi yetu tuliifanya kwa kusomeana. Kioo kilikuwa kidogo, kimefifia, macho yanauma, na kompyuta ilikuwa moja tu. Kwa hiyo programu iliandikwa kwanza kwa kalamu, mmoja anashika karatasi anasoma kwa sauti, mwingine anachapa. Mkimaliza mnabadilishana, aliyechapa anasoma kioo, mwenye karatasi anafuatisha kwa kidole. Ninyi mtaona ni ujinga. Kwa njia ile mlikuwa mnakamata kosa kabla halijaenda mbali, kwa sababu neno la uongo husikika likitamkwa, sijui nisemeje, kitu kibaya ukikisoma kwa sauti unakisikia kibaya.

Msomaji wangu alikuwa Baba Rehema. Mmakonde wa huko huko, mpole, mcheshi, anavaa shati jeupe kila siku hata kwenye vumbi lile. Alikuwa ameoa Chilangala na anaishi ukweni, kama walivyo wengi wa huko, mwanamume ndiye anayehamia. Na mama mkwe wake ndiye Bi Somoe mwenyewe, mtunzaji wa tangi.

Hapo mmeshaanza kuelewa. Mkwe hatajwi. Baba Rehema akikutana naye njiani anachepuka pembeni, anainamisha uso, anasubiri apite. Akitaka kumwambia kitu anamtuma mkewe. Na jina lake kulitamka kwa mdomo wake, hata mbali, hata peke yake chumbani, hakuweza. Haikuwa hofu. Ilikuwa heshima, na aliibeba vizuri.

Siku ya kwanza tulipofika kwenye mstari wa Chilangala akanyamaza. Nikadhani amepotea mstari. Nikamgeukia, nikamwona ametoa jasho. Akagonga meza kwa kalamu, mara moja, taratibu. Nikasogea nikatazama karatasi, nikaona, nikaelewa, nikachapa SOMOE mwenyewe. Toka siku hiyo ikawa ndiyo lugha yetu. Akifika hapo anagonga, nami nachapa. Mimi ni Mmakua wa Masasi, wakwe zangu wako mbali, kwa hiyo nilimtania sana. Nilikuwa namwambia, "Baba Rehema, leo umegonga kwa adabu kidogo, nitakusemea." Anacheka anaficha uso.

Nilimwambia Mzee Lipinda, si mara moja. Mzee, tulibadilishe hilo jina, tuandike CHILANGALA, mwenzetu anapata tabu. Ni kazi ya nusu saa, unalibadilisha kila mahali lilipo, mashine haijali, kwake ni lebo tu. Mzee Lipinda akasema jina limeshakaa, na tena tukibadilisha la mmoja itabidi tubadilishe ya wote. "Na nyie si mmeshapata njia yenu?" Ni kweli tulikuwa tumeipata. Nilimkasirikia miaka mingi kwa jibu lile. Siku hizi hasira imepungua, imebaki huzuni, kwa sababu mtu aliyenifundisha kwamba jina linawekwa kwa ajili ya msomaji ndiye aliyeshindwa kumwona msomaji aliyekaa mbele yake.

Basi ikaja ruksa, biashara huria. Korosho zikaachiwa, wanunuzi binafsi wakamiminika na malori na mizani zao, maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu. Na mradi wetu nao ukapewa mtu binafsi auendeshe. Tukaletewa Meneja, kijana wa mjini, tai shingoni, mwenye haraka. Sikumchukia. Alikuwa na nia ya kuonesha kwamba mambo yamebadilika, na kompyuta ndiyo ilikuwa ushahidi wake. Kila mgeni aliyefika alipelekwa kwanza kwenye kompyuta.

Akaleta mashine mpya. Ile ya zamani ilitumia disketi pana zinazopindika, mpya ilitaka ndogo ngumu, na hapakuwa na namna ya kuhamisha kutoka huku kwenda kule. Ikabidi programu yote ichapwe upya kutoka kwenye karatasi. Wakati uleule mimi nikapelekwa Masasi kwenye mafunzo ya majuma kadhaa, kujifunza programu za madukani, zile unazobonyeza tu. Mzee Lipinda alikuwa bondeni, pampu moja imekufa. Kwa hiyo kazi ya kuchapa akapewa Glory.

Glory alikuwa mtumishi aliyehamishiwa Newala kutoka Moshi, mchapaji hodari kuliko mimi, mwenye roho nzuri. Sitaki mtu amlaumu. Walikaa yeye na Baba Rehema, mmoja anasoma mwingine anachapa. Mistari ya matangi yote ilifanana, kinachobadilika ni jina tu. Wakamaliza mstari wa Esha, wakaingia wa Chilangala, Baba Rehema akagonga meza.

Kule Glory alikosomea uchapaji, mwalimu akigonga meza maana yake ni rudia uliyoandika. Akarudia. Akaandika ESHA. Kila Baba Rehema alipogonga, ESHA. Na Baba Rehema kwa mazoea yetu hakutazama kioo, alijua ameshaeleweka. Ile ya kubadilishana na kusomeana upya haikufanyika, Meneja alikuwa mlangoni, wageni wako njiani.

Angalieni sasa ubaya wa kosa la namna hii. Ungechapa vibaya neno la amri, ukaandika PRIMT badala ya PRINT, mashine ingepiga kelele palepale. Lakini jina ulilolibuni mwenyewe mashine hailijui maana yake. ESHA ni jina halali, lipo, lina namba ndani yake. Mashine ilipaswa kutazama tangi la Somoe. Badala yake, hata namba ya Somoe ikiingizwa, mistari ya zamu ilitazama ya Esha mara mbili. Na la Esha, kwa kuwa Kitangari iko karibu na pampu, lilikuwa limejaa karibu kila siku. Kwa hiyo kila jioni karatasi ilitoka ikisema Chilangala limejaa, zamu apewe mwingine.

Ulikuwa msimu wa korosho, jua la mwisho wa mwaka. Chilangala ikakauka. Bi Somoe kila asubuhi anapiga kwenye redio, "Tangi tupu. Ofisi, mnanisikia? Tangi tupu." Meneja anashika karatasi anasema kompyuta inasema limejaa, hajui kwamba mashine haina macho, ina namba hizohizo za redioni tu. Akina mama wakaanza kushuka bondeni tena kama zamani. Viongozi wa kijiji wakaja ofisini kuuliza, Meneja akawaonesha karatasi. Limejaa, limejaa, limejaa. Mashine haina upendeleo, akawaambia, tafuteni huko kwenu. Na huko kwao barabara ilikuwa imejaa maboza ya wanunuzi wa korosho, wanayojazia maji ya kambi zao. Mtu akasema ameliona boza limesimama karibu na tangi. Labda lilisimama kweli, dereva anachimba dawa. Haikuchukua muda ikawa Somoe anauza maji ya kijiji kwa matajiri, na asubuhi anadanganya kwenye redio.

Nilirudi kutoka Masasi siku ya mkutano wa kijiji wa kumjadili Bi Somoe. Nilifika ofisini na begi langu mkononi, nikamkuta Baba Rehema amekaa nje kwenye ngazi, shati halijapigwa pasi. Akanieleza. Sikumaliza hata kumpa pole, nikaingia, nikawasha mashine, nikafungua programu, nikaanza kuisoma kwa sauti peke yangu. Nilipofika mstari wa Chilangala nikasikia Esha. Nikausoma tena. Ni Esha tena.

Nilirekebisha palepale. Nilichapa SOMOE kila mahali inapotakiwa, nikaomba karatasi ya zamu, ikatoka: Chilangala, kesho. Nikamwita Glory, akaona, akakaa chini akalia. Baba Rehema alisimama mlangoni. Aliitazama ile kalamu aliyokuwa nayo mfukoni akaitoa akaiweka mezani.

Tulikwenda Chilangala sote na gari la mradi, Mzee Lipinda tukampitia njiani. Meneja alituonya. Wageni walikuwa ndiyo kwanza wameondoka wakiisifu mashine, hakutaka isemwe kwamba imekosea. Yeye alizungumza wa kwanza, akasema kulikuwa na hitilafu ndogo, imeshughulikiwa. Watu wakaguna. Mzee Lipinda akasimama kueleza ukweli, ila Mzee Lipinda akieleza anaanzia mbali, akaingia kwenye majina na visanduku vya kumbukumbu, nami namwona anawapoteza. Mpaka mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye sauti, akanyanyua mkono.

"Mzee, samahani. Unasema mtu alisoma, mwingine akaandika vibaya?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huyo aliyesoma asimame atuambie alisoma nini. Hayo mengine ya mashine hatuyajui."

Baba Rehema akasimama. Bi Somoe alikuwa ameketi mkekani upande wa wanawake, mwembamba, kanga ameifunga kichwani, na kwa kuwa mkwewe amesimama alikuwa amegeuza uso pembeni.

"Mimi ndiye nilisoma," akasema. "Kulikuwa na jina. Sikulisoma. Niligonga meza."

"Jina gani?"

Akapapasa mfuko wa shati, pale kalamu ilipokuwa ikikaa.

"Baba Rehema, jina gani hukulisoma?"

Alifungua mdomo. Wallahi nilimwona anajaribu. Midomo ilikaa kabisa kulitamka. Wanakijiji wale wote walijua ni jina gani, na walijua kwa nini haliwezi kutoka, na bado walikuwa wanasubiri, kwa sababu mtu akiwa na hasira anataka hata kile anachojua hakiwezekani. Wengine walikuwa wanaona haya, wanatazama chini.

Bi Somoe akasimama. Hakumwangalia mkwewe, alisema na yule mama mnene. "Mwambieni mkwe wangu akae. Asinitaje. Hajanivunjia heshima miaka yote, asinivunjie leo mbele ya watu." Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo, akauweka kwenye meza ya mwenyekiti.

Hapo nikasimama mimi. Nikasema kwa sauti, "Jina ni Somoe! Liliachwa kuandikwa, likaandikwa la Esha, mashine ikawa haimwoni! Huyu mama amesema kweli kila asubuhi!" Yule mama mnene akanitazama kwa upole kabisa, akaniuliza, "Na wewe ulikuwepo, mwanangu, wakati wanaandika?" Nikasema hapana, nilikuwa Masasi. Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, kicheko cha kuchoka. Mwenyekiti akachukua ufunguo akampa mama mwingine, na mkutano ukafungwa.

Na asubuhi yake maji yakaja.

Mnaona? Nilirekebisha mimi, kwa vidole hivi. Lakini wao walichokiona ni kwamba jana Somoe ameacha ufunguo, leo tangi limejaa. Wangehitaji ushahidi gani mwingine? Mtu aliyekuwa na shaka kidogo shaka ikamtoka. Nilipita pale siku chache baadaye, nikasikia binti anayetwika ndoo anamwambia mwenzake, si unaona, tangu aondoke yule. Nilitaka kusimama nimweleze. Nikajiuliza nitaanzia wapi.

Baba Rehema alikuja kwangu ofisini akafunga mlango. Alikuwa amekonda. Akasema amepata njia. Turudishe kosa. Turudishe ESHA kwenye ule mstari, siku kadhaa tu. Tangi litakauka, ufunguo uko kwa mwingine, hapo watu watajua kwamba haikuwa yeye. Halafu turekebishe. "Mashine haitasema, Mama Fadhili. Wewe mwenyewe unasema haijali."

Nawaambia ukweli, wazo hilo lilinivutia. Lilikuwa safi, lingefanya kazi. Nikamwambia sifanyi bila ruhusa ya mama mwenyewe. Na yeye hawezi kumuuliza, kwa hiyo nikaenda mimi.

Nilimkuta anapalilia mihogo nyuma ya nyumba. Nikamwamkia, akanipokea vizuri, akanikalisha, akaniletea mihogo ya kuchemsha. Nikamweleza mpango wote. Alisikiliza akimenya kipande chake polepole.

"Hayo maji yatakatika siku ngapi?"

"Mpaka watu waone, mama. Labda wiki."

"Na hao wanawake watashuka bondeni?"

"Watashuka."

"Pili binti wa jirani ana mimba kubwa. Naye atashuka?"

Nikaurudisha muhogo wangu sahanini.

"Nilishika ule ufunguo ili wasishuke," akasema. "Sasa wewe unataka niwashushe ili wanisifu. Hapana, mwanangu. Mwambie baba yake Rehema nimesema ahsante, na aendelee na kazi yake."

Baba Rehema hakuendelea. Alimaliza mwezi akaacha, akarudi kwenye mikorosho ya mkewe, kupuliza salfa na kuokota korosho kama watu wengine. Nilimkosa sana. Sijapata msomaji mwingine wa kiwango kile. Kabla Baba Rehema hajaondoka, Mzee Lipinda alikuja mwenyewe kwenye kompyuta, akavua miwani, akaniomba nibadilishe majina yote ya matangi yawe ya vijiji. Nilibadilisha. Ilikuwa nusu saa, kama nilivyosema.

Kwa hiyo wanangu, mkiniona nawauliza xx ni nini, sitafuti ubingwa. Maneno ya amri yatajitetea yenyewe, ukiyakosea utaambiwa. Haya unayoyabuni hakuna atakayekuambia. Jiulize nani ataisoma kazi hii baada yako, na je, jina hili ataweza kulisema? Kama mwenzako ananyamaza akifika mahali, usimtanie kama nilivyokuwa nafanya mimi. Simamisha kazi, libadilishe.

Bi Somoe alifariki miaka ya baadaye, mimi nimeshahamia huku. Nilipanda juu kwenda kumzika. Watu walikuwa wengi, walimlilia kweli, na hakuna aliyenena vibaya. Lakini nilimsikia mzee mmoja akimwambia mgeni, kwa sauti ya kusamehe kabisa, kwamba marehemu aliwahi kuteleza kidogo zamani kwenye mambo ya maji, ila binadamu ndivyo tulivyo. Ndoo zilikuwa zinapita mbele yangu, maji ya kumwoshea, yametoka kwenye tangi lile. Baba Rehema alikuwa amesimama karibu nami. Alisikia, nami nikamwona amesikia. Yule mgeni akauliza, marehemu aliitwa nani? Na hata hapo, mkwe wake hakuweza kumwambia.